Nne juu ya tano: karatasi ya mgongo ya fundi cherehani wa Ngamiani

Aliyeleta karatasi hakuwa mgonjwa, alikuwa shemeji yake. Ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza cha mkato, una mhuri wa buluu, na chini yake ratiba ya vikao 24 vya kunyooshwa mgongo. Shemeji alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu. "Daktari, mifupa ya mgongo imeoza," akaniambia, "na pingili moja imeteguka. Tunachotaka kujua ni kama atapooza." Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini mjini kwetu ukishavaa koti jeupe cheo umepewa na haurudishi.

Mgonjwa ni mama wa miaka 52, fundi cherehani wa Ngamiani. Maumivu ya kiuno anayo miaka mingi, yanakuja na kuondoka, yanamzidi msimu wa kushona sare za shule. Safari hii yaliteremka. Yalianzia tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja na ubavuni mwa muundi, yakaishia juu ya unyayo. Alikuwa Dar es Salaam kwa binti yake yalipomzidi, na binti akampeleka kliniki moja ya kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono. Akapigwa eksirei, akapimwa, akanyooshwa mara tatu, akapewa karatasi, akapanda basi kurudi Tanga.

Karatasi ilisema mambo saba. Sablaksesheni ya L4 na L5. Uchakavu wa diski za L4–L5 na L5–S1, pamoja na osteofaiti. Diski ya L4–L5 kuvimba. Skoliosisi ndogo, digrii 7. Kupungua kwa lodosisi ya shingo. Mguu wa kulia mfupi kwa milimita 6. Na mwishoni, kwa herufi ndogo: EHL kushoto 4/5, hisia za L5 zimepungua.

Familia nzima ilikuwa imekosa usingizi kwa sababu ya mistari sita ya mwanzo. Wa saba hakuna aliyeuuliza. Kisa chote kimo humo, lakini siwezi kuanzia hapo, kwa sababu mtu anayeamini mgongo wa ndugu yake umeoza hawezi kusikiliza habari za kidole cha mguu.

Nilianza na ramani. Herufi na namba ni anwani tu: pingili 7 za shingo zinaitwa C, 12 za kifua T, 5 za kiuno L, kisha unafuata mfupa wa S uliounganika, na chini yake kifandugu. L4 na L5 ni mbili za chini kabisa kiunoni, karibu na usawa ambapo kanga hufungwa. Uti wenyewe, yaani ile kamba nene ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia karibu na L1 au L2. Chini ya hapo ni fungu la neva zilizotawanyika, kila jozi ikielekea kwenye tundu lake. Kwa hiyo hitilafu ya L4–L5 inaweza kubana neva ya mguu, na tutaona kwamba iliibana, lakini kamba yenyewe haiko hapo ikabanwa. Shemeji alishusha pumzi. Nilimwambia asishushe yote.

Sasa neno lililowatisha zaidi. Hospitalini tukisema sablaksesheni tunamaanisha kiungo kilichochomoka nusu: nyuso za mifupa bado zinagusana kidogo lakini hazijakaa mahali pake. Mara nyingi eksirei inaonyesha, na kwenye shingo linaweza kuwa jambo la dharura. Watu wa kairopraktiki wanalitumia neno hilohilo kwa jambo jingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu mafunzo na usalama wa kairopraktiki unalieleza kwa maana yao: kiungo ambacho mpangilio, mwendo au utendaji wake umebadilika, ingawa nyuso za mifupa bado zimegusana kama kawaida. Hakuna mfupa uliochomoka. Hakuna cha kuonyesha kwenye picha. Ni jambo ambalo mtoa tiba analihisi kwa vidole, halafu analipa jina.

Maana hiyo ina umri na chimbuko lake. Mwaka 1895, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, Daniel David Palmer alimnyoosha mgongo mfanyakazi wa usafi aitwaye Harvey Lillard, ambaye alikuwa na uziwi, kisha akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Kutokea hapo akajenga nadharia kwamba pingili zilizohama hubana neva na kuleta karibu maradhi yote. Tatizo ni kwamba neva ya kusikia haipiti mgongoni kabisa. Inatoka sikioni na kuingia kwenye ubongo humohumo ndani ya fuvu. Chombo kinachosimamia wataalamu wa kairopraktiki nchini Uingereza kilitoa tamko mwaka 2010 kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria, imebaki kuwa nadharia, na haina ushahidi wa kitabibu wa kuonyesha kuwa ndiyo chanzo cha maradhi. Hao ni wao wenyewe wanasema, sisi wa koti jeupe hatumo.

Na ule mlio wa "tak" anaousikia mgonjwa anaponyooshwa? Shemeji alidhani ni mfupa unarudi. Unatokana na mapovu ya gesi kwenye ute wa kiungo pale nyuso zinapotenganishwa ghafla, kama vidole vinavyoalika. Kunyooshwa kunaweza kumpa mtu nafuu ya kiuno, sibishi. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeuweka miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu na kukandwa. Lakini nafuu si ushahidi kwamba kulikuwa na pingili iliyoteguka ikarudishwa.

"Kwa hiyo mstari wa kwanza ni uongo?" aliuliza.

Si uongo. Ni lugha ya kazi yao. Uufute, uandike "kiuno kimekaza hapa", hutapoteza kitu.

Mstari wa pili ndio uliotafsiriwa kuwa kuoza, na tafsiri hiyo ilinikera kuliko karatasi yenyewe. Diski ni mto ulioko kati ya pingili na pingili: nje una pete ngumu za nyuzi, ndani una kiini laini chenye maji mengi. Umri unavyosonga, kiini hukauka, mto hupungua kimo, na kingo za pingili huota vijimifupa, ambavyo ndivyo osteofaiti. Hakuna usaha, hakuna wadudu, hakuna kinachonuka. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 33 za picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 50, asilimia 80 diski zao zilikuwa zimechakaa, na asilimia 60 zilikuwa zimevimba. Hata wenye miaka 20, uchakavu ulikuwa asilimia 37. Mama wa miaka 52 aliyeinamia cherehani tangu usichana, diski zake zingeonekana mpya ningeshangaa na ningeuliza kama picha ni yake kweli.

Neno lililoandikwa hasa lilikuwa spondilosisi, na hapa nina tahadhari, kwa sababu lina ndugu wanaofanana naye kwa sura. Spondilosisi ni uchakavu wa kawaida. Spondilolisthesisi ni pingili moja kuteleza mbele ya nyingine, na ina madaraja kuanzia la kwanza, ambapo mteleko hauzidi robo. Spondilaitisi ni uvimbe unaotokana na maradhi, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu huyo hatakiwi kupuuzwa, maana kifua kikuu hushambulia pingili pia. Percivall Pott, tabibu wa upasuaji wa London, alieleza kibiongo kinacholetwa na maradhi hayo tangu mwaka 1779. Shemeji alikuwa amesoma kwenye simu habari za huyu wa tatu, akadhani ndiye aliyeandikwa kwenye karatasi. Herufi chache tu zimekosewa, na familia imekaa siku mbili ikidhani mama ana kifua kikuu cha mgongo.

Mstari wa tatu, diski kuvimba, niliuwekea alama ya kuuliza. Kipimo kilichofanyika Dar es Salaam kilikuwa eksirei pekee, na eksirei haioni diski. Inaona mifupa, diski inajitokeza kama uwazi kati ya mifupa miwili. Uwazi ukiwa mwembamba unaweza kukisia kwamba diski imesinyaa, lakini imevimba upande gani na inagusa nini, picha hiyo haikwambii. Kwa hiyo yaliyoandikwa pale yalikuwa makisio yaliyovaa nguo za matokeo.

Iliyobaki tuliipita haraka. Skoliosisi ni mgongo kupinda kwenda upande, na kwa kipimo cha Cobb, yaani pembe ya pindo hilo kwenye picha, huanza kuitwa hivyo kwenye digrii 10. Digrii 7 ni mgongo wa mtu wa kawaida, pengine alisimama kaegemea upande usiouma. Lodosisi si ugonjwa, ni lile pindo la asili la kuingia ndani shingoni na kiunoni. Likionekana limenyooka kwenye picha inaweza kuwa misuli imekaza, au mpiga picha alimwambia ashushe kidevu. Miguu kupishana kwa milimita chache ni hali ya watu wengi mno. Wastani uliowahi kukokotolewa ni kama milimita 5. Hata hivyo niliona kwamba vikao 10 kati ya 24 vilipangwa kwa ajili ya shingo, na mama huyu hakuwahi kulalamika shingo hata siku moja. Kunyoosha kwa kasi shingo isiyouma, ili tu kurudisha pindo kwenye picha, mimi nisingekubali kwa ndugu yangu.

Tukafika mstari wa saba. Nilimuuliza shemeji ameuelewaje.

"Huo ndio pekee ulionipa moyo," alisema. "Nne juu ya tano. Si amefaulu?"

EHL ni kifupi cha jina la msuli unaoinua kidole gumba cha mguu. Nguvu ya misuli tunaipima kwa kipimo cha 0 hadi 5. Sifuri, msuli haujitikisi. Tatu, unaweza kuinua kiungo lakini ukikikandamiza kidogo tu kinashuka. Tano ni nguvu kamili. Nne ni msuli unaopigana na mkono wa mpimaji halafu ukashindwa, na kati ya nne na tano pana masafa marefu kuliko namba zinavyoonyesha. Haya hayakutoka kwenye nadharia wala kwenye picha ya kukisia. Ni kitu kilichopimwa kwa mkono, kushoto kikalinganishwa na kulia, na kikakutwa kimepungua. Msuli huo unategemea zaidi neva ya L5. Ngozi ya juu ya unyayo nayo ni milki ya L5. Diski ya L4–L5 ikichomoza nyuma na pembeni, neva inayopita hapo ni L5. Njia ya maumivu aliyoieleza ni hiyohiyo. Vitu vinne vinaelekeza sehemu moja, na viwili kati yake, msuli na ngozi, vilikuwa kwenye mstari ambao familia iliuhesabu kuwa habari njema.

Nilimtaka mgonjwa mwenyewe.

Alikuja kesho yake asubuhi, na bintiye akiwa kwenye simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza kama mguu wa kushoto unamsumbua kwa lolote mbali na maumivu. "Mguu hauna neno, mwanangu," alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Ila ndara inanivuka. Natembea, nafika mbele, ndiyo naona niko peku." Na cherehani? Ni ya kukanyaga. Alikuwa ameacha kuitumia kwa mguu wa kushoto, anakanyagia wa kulia, kwa sababu wa kushoto unachoka mapema. Tangu lini? Tangu kabla ya safari ya Dar es Salaam. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona kama ni habari ya kumwambia mtu wa mgongo.

Nikamwambia atembee kwa visigino. Ncha ya mguu wa kushoto ilikuwa inashuka kidogo kuliko ya kulia. Kwa vidole alitembea vizuri pande zote mbili, maana yake neva ya S1 haikuwa na shida. Akilala chali nikamnyanyua mguu wa kushoto umenyooka, akazuia karibu digrii 40, na maumivu yakashuka mpaka chini ya goti. Kidole gumba nilikiangusha kwa nguvu ndogo. Cha kulia sikukiweza.

Yapo maswali ambayo katika kisa cha namna hii hayaachwi hata kama yanaleta haya. Mkojo unatoka kama kawaida, au unajaa na hausukumiki? Choo unakizuia? Pale unapokaa, sehemu za siri na kati ya mapaja, pana ganzi? Miguu yote miwili imelegea? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwa sababu huenda fungu zima la neva limebanwa. Halafu homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kikohozi, historia ya saratani. Yote alijibu hapana, mengine akicheka kwa aibu na kumtazama shemeji yake, ambaye ilibidi nimtoe nje.

Hapo nikasimamisha ratiba ya kunyooshwa. Sikuisimamisha kwa chuki na kazi ya watu. Mwongozo uleule wa 2005, uliotungwa kwa ajili ya kairopraktiki, unataja diski iliyochomoza ikiambatana na dalili za neva zinazoendelea kuzorota miongoni mwa hali ambazo mgongo haunyooshwi kwa kasi. Je, kwake zilikuwa zinazorota? Kwa karatasi moja huwezi kujua. Unahitaji vipimo viwili vya siku tofauti. Mpaka ijulikane, mikono inakaa mbali. Wifi yake alipendekeza mkandaji wa Makorora, jibu likawa lilelile kwa kiuno, ingawa kupakwa mafuta na kusuguliwa kwa upole tako na paja sikumkataza. Mkanda wa kiuno ulikuwa umeshanunuliwa. Nilimwambia hautamwongezea kitu.

Nilimwandikia rufaa ya hospitali ya Bombo. Daktari wa mifupa akakuta yaleyale, akaomba MRI, picha ya sumaku inayoonyesha diski na neva zenyewe, na mama akaenda kuipiga Dar es Salaam kwa kuwa binti yuko huko. Majibu yakarudi na maneno mapya ya kuogopesha, na simu ya shemeji ikaingia kabla hata sijayaona.

Safari hii maneno yalikuwa na uzito wa kweli, na yamepangwa kwa daraja. Diski kuvimba ni kingo kutanuka kwa zaidi ya robo ya mzunguko wake. Ndivyo ilivyokuwa ya L5–S1, haigusi kitu. Ikichomoza sehemu moja tu na kitako cha uvimbe kikawa kipana kuliko kichwa chake, inaitwa protrusheni. Kichwa kikizidi kitako, ni ekstrusheni. Kipande kikikatika na kujitenga, ni sekwestresheni. Yake ya L4–L5 ilikuwa ekstrusheni ya kushoto, inaisukuma neva ya L5.

Shemeji alisikia daraja la tatu katika manne, akaanza kuzungumzia kuuza kiwanja kwa ajili ya upasuaji. Ikabidi nimweleze jambo ambalo hata wanafunzi wangu huwa hawaliamini. Uvimbe mkubwa ndio unaonyauka zaidi. Mwili hukitambua kiini kilichotoka nje ya pete kama mgeni, hukishambulia na kukimeng'enya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta kwamba asilimia 96 ya diski zilizojitenga zilipungua zenyewe, ekstrusheni asilimia 70, protrusheni 41, na zile za kuvimba tu 13. Kwa maana hiyo neno la kutisha zaidi kwenye karatasi ya pili lilikuwa na matumaini kuliko lile la upole kwenye karatasi ya kwanza.

Mpango wa daktari ulikuwa kusubiri kwa macho wazi: dawa za maumivu za muda mfupi, kutembea kila siku, mazoezi kwangu, na kidole kupimwa kila wiki. Kikishuka hadi 3, au mguu mzima ukianza kudondoka, atakwenda kwa wapasuaji bila kungoja wiki iishe. Hakikushuka. Wiki ya tatu maumivu yalikuwa yamepanda juu ya goti, ishara ninayoipenda. Wiki ya saba sikuweza tena kukiangusha kidole. Ganzi ya juu ya unyayo ilibaki, na nimemwambia inaweza kubaki miezi, au isiondoke yote.

Bintiye alizungumza na yule mtaalamu wa kairopraktiki kuhusu vikao vilivyolipiwa. Hakubisha kusimamishwa. Alisema mstari wa saba aliuandika makusudi ili yeyote atakayempokea mgonjwa auone. Namwamini, maana alipima kitu ambacho wengi hawakipimi, na akakiandika sawasawa. Lakini karatasi aliandikiwa mtaalamu mwingine, akakabidhiwa fundi cherehani, na kilichopaswa kusemwa kwa mdomo, kwamba mguu wako umepungua nguvu na ukizidi kupungua usikae nyumbani, hakikusemwa na mtu. Walirudishiwa fedha za vikao vya shingo. Vya kiuno bado wanazungumza.

Sasa kuna ubishi mmoja umebaki. Familia inataka MRI ya pili kuona kama diski imerudi. Daktari amekataa: kidole kina nguvu, mama anakanyaga cherehani kwa miguu yote miwili, na picha, vyovyote itakavyosema, haitabadilisha anachofanyiwa. Mama mwenyewe ameridhika. Shemeji bado anaitaka.